Hedi za Mbio, Safari ya Aiskrimu

Hongera, bwana mwenye Camaro ya 1969! V8 yako ya inchi za ujazo 350 umeivika silinda hedi za alumini zenye matundu mapana kama mlango wa ghala, za injini inayozunguka mara 7,000 kwa dakika. Yako haivuki 3,000: Jumapili unajikokota Woodward Avenue, Detroit, kufuata aiskrimu. Kwa mwendo huo hewa huingia kwa uvivu, na taa ikiwaka kijani gari linakohoa kwanza. Hedi za chuma za Vortec, za pikapu za Chevrolet za 1996, zingekutosha na chenji ingebaki. Lakini nani afungue boneti kuonyesha hedi ya pikapu? Ukighairi, nunua na manifoldi yake ya kuingiza hewa. Ya zamani boliti hazilingani.