Gari Chini, Mama Mkwe kwa Miguu

Impreza yangu ni ya cc 1500, haina turbo, na kabla yangu iliendeshwa na mwalimu mstaafu. Lakini ukishapaka bluu, ukafunga rimu za dhahabu na spoila nyuma, nani atakuomba ufungue boneti? Vijana wa mtaani wakaanza kuniita McRae, yule Mskoti aliyeshinda Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza ya bluu. Nikaitika.

Kasoro ikabaki moja. Kati ya tairi na madigadi palipita vidole vinne, na mimi nilitaka kisipite hata kimoja. Fundi akaniambia springi za kushushia gari zipo, ila zinakuja na shokapu zake, na bei zake. Nikamuuliza kama grenda anayo. Akacheka, akakata mzunguko mmoja na nusu kwenye kila springi. Nikatoka gereji gari limelala kama simba aliyeshiba.

Kumbe springi ukiifupisha inazidi kuwa ngumu. Shokapu nazo zikawa zimebonyea muda wote, kila shimo naliona kwa kiuno. Tairi zikaegemea ndani kwa juu, zikaanza kulika upande mmoja kama soli za mtu mwenye matege.

Jumamosi moja tukampakia mama mkwe kwenda harusini Bagamoyo. Mama ni mtu wa mwili, Mungu amzidishie. Tuta la kwanza: kwaruuu! Mke wangu akanitazama. Tuta la pili nikajikaza.

"Mama, samahani, naomba ushuke kidogo, tuvuke."

Akashuka na gauni lake la harusi, seti ya sufuria za zawadi mkononi, akavuka tuta kwa miguu, akapanda. La tatu vilevile. La nne, alipovuka hakupanda tena.

"Tangulia tu baba," akasema. "Nitakukuta."

Na kweli alinikuta. Wahenga walisema aigaye tembo kunya hupasuka msamba. Kwangu kilichopasuka ni sampo. Oili ikachora mstari mweusi kutoka kwenye tuta hadi pale gari lilipozimika.

Mzee aliyekuja kunivuta alilizunguka gari, akapiga magoti kuchungulia chini, akainuka anajifuta mikono.

"Unaiga zile za Safari?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Zile niliziona Kenya kwa macho yangu. Zilikuwa juu, kijana! Waliziinua, wakazifunga ngao ya chuma mbele na bomba la hewa hadi usawa wa paa, zipate kuvuka mito. Wewe ya kwako umeiigia wapi?"

Sikumwambia kuwa ni kwenye kalenda.

Nimerudisha springi nzima, na vidole vinne vinapita kama zamani. Juzi nilimpeleka mama mkwe hospitali. Tulipokaribia tuta, alifungua mlango bila kuambiwa.