Muulize Bi Kivumishi: Kibao Changu Kiandikwe Nini?

Barua za wiki hii zimetoka barabara moja, ile inayopita Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo mjini, na wote mnataka kitu kimoja: neno la Kiingereza la kumfanya mgeni aamini. Naanza na aliyeamkia vizuri.

*Shikamoo Bi Kivumishi. Mimi ni mchoraji wa Tingatinga, duka langu liko karibu na Ngome Kongwe. Chini ya kila picha nilikuwa naandika "original". Juzi mgeni katazama picha yangu ya pundamilia, katoka, kaingia duka la jirani, kisha karudi na simu kunionyesha pundamilia yule yule. Jirani naye kaandika "original". Nibadilishe niweke "authentic"?*
Mwenye Brashi, Bagamoyo

Marahaba mwanangu. Kwa mgeni, "original" ni picha isiyo na pacha, na pundamilia wako ana ndugu mpaka duka la tatu. "Authentic" unaweza kuitetea, kwa sababu inauliza mtindo umetoka wapi na umeupata kwa nani. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na akafariki 1972. Muda huo mfupi ulimtosha kufundisha jamaa zake, na tangu hapo kazi hii imekua kwa mwanafunzi kumwiga mwalimu. Kuiga si aibu hapa. Aibu ni kumwambia mtu kwamba hukuiga. Andika jina lako, jina la aliyekufundisha, mwaka na mji, halafu kivumishi kipumzike. Bei usiiguse.

*Bi Kivumishi, mimi natembeza wageni pale Misheni. Kwenye mbuyu kuna kipande cha mnyororo kilichomezwa na gome. Nikisema ni mnyororo wa watumwa, bakshishi inanenepa. Mwenzangu ananiharibia, anasema ulikuwa wa punda. Kwa Kiingereza niseme ni "proven" au "reputed"?*
Mtembeza Wageni

Mwenzako kasema kweli. Mnyororo ule ulifungwa na Madame Chevalier, aliyekuwa akihudumia wagonjwa pale pale misheni, ili kumfungia punda wake. Mti ukanenepa ukaumeza. Kwa hiyo "proven" huna. Na "reputed" ni neno la mtu anayemsingizia jirani: si mimi niliyesema, watu wanasema. Utumwa ulipita Bagamoyo kwa ushahidi wa kutosha, hauhitaji kuazimwa mnyororo wa punda.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba umesimama penye habari iliyohakikiwa kuliko nyingi za pwani hii, nawe unamuuzia mtu punda. Mmisionari Livingstone alikufa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watumishi wake Susi na Chuma, pamoja na wenzao, wakaukausha mwili wake kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa magome ya mti, wakaubeba hadi Bagamoyo, ulikofika Februari 1874 na kulazwa misheni hapo kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Ulipofika London, wakawapo waliouliza: tutajuaje kuwa ni yeye? Daktari Sir William Fergusson akaukagua mkono wa kushoto, akaukuta mfupa wa juu ambao simba aliuvunja miaka mingi nyuma na haukuunga sawasawa. Hapo wakaridhika, na tarehe 18 Aprili 1874 akazikwa Westminster Abbey.

Sasa wagawie wageni wako maneno yao kwa haki. Mwili ulikuwa "verified": kuna daktari, kuna mfupa, kuna jambo lililokaguliwa likaonekana. Waliobeba walikuwa "reliable": hakuna aliyewapima, ila walichosema watafanya walikifanya, kijiji baada ya kijiji, kwa karibu miezi tisa. Haya ni maneno mawili tofauti, na hili la pili ndilo ninaloliheshimu zaidi. Hata hivyo angalia mizani ya London ilivyolala: neno la watu waliokuja na mzigo mabegani halikutosha, ushahidi wa simba mmoja ukatosha. Simulia hivyo, polepole, kisha nyamaza. Kama bakshishi haikunenepa, niandikie tena.

*Bi Kivumishi, mimi ni dalali wa viwanja hapa Mapinga. Fundi wa vibao ananitoza kwa herufi, kwa hiyo nina nafasi ya neno moja tu: "verified", "genuine" au "guaranteed"? Viwanja vyangu vinatazama bandari mpya.*
Dalali Mwenye Haraka

Kaka, kwa bei ya fundi, "genuine" inashinda, ina herufi saba. Lakini kwa kiwanja haisemi kitu. Nani amewahi kuuziwa ardhi ya plastiki? Ardhi ipo, ni ya kweli, ina nyasi na siafu. Anayeghushiwa ni mwenyewe.

"Verified" nayo inadai mtu: kahakiki nani, lini, wapi? Ukikaa kimya, mnunuzi atajua kwamba aliyehakiki ni fundi wa vibao. Na lugha ya viwanja ya nchi hii tayari ina maneno yenye meno: kimepimwa, kina hati. La kwanza linamwita mpimaji, na ramani yake ya upimaji iliyoidhinishwa, na bikoni zilizokaa ardhini. La pili linamwita Msajili wa Hati, ambaye mnunuzi anaweza kumwomba upekuzi wa daftari, akaona kiwanja ni cha nani na kama benki imekishika rehani. Karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa si hati, hata mhuri ugongwe mara tatu. Kama viwanja vyako vimepimwa na vina hati, andika hivyo hivyo kwa Kiswahili na uongeze namba ya kitalu. Kama havijapimwa, tatizo lako halimo kwenye kamusi.

"Guaranteed" iache kabisa. Kuna wanunuzi wanaojua Kiingereza, na siku bikoni zitakapohama watakuja nyumbani kwako kudai fedha zao.

Na hiyo bandari ya Bagamoyo: makubaliano yalitiwa saini 2013, jiwe la msingi likawekwa 2015, mradi ukasimamishwa 2019, Rais Samia akatangaza kuufufua 2021. Kiwanja chako kitazame tu, subira ni yake. Ila usimtoze mnunuzi bei ya mandhari.

*Bi, mchumba wangu amepata tiki ya bluu. Anasema sasa yeye ni "verified", mama apunguze maswali.*
Binti wa Magomeni, Bagamoyo

Kwenye mtandao wa X tiki hiyo inauzwa kwa mwezi tangu Novemba 2022. Inathibitisha kwamba kijana amelipa. Kama hilo ni geni kwake, tumpongeze. Mama aongeze maswali, na la kwanza aliulize kwenye duka anakokopa unga na vocha. Mwenye duka akisema "huyu akisema Ijumaa ni Ijumaa", mpokeeni mshenga. Akianza kucheka, funga mlango.

Barua za wiki ijayo zije na picha ya kibao chenyewe, na herufi zisomeke. Wenye hoteli mlioniuliza kama mnaweza kuandika "world class" msihangaike kutuma picha: jibu ni hapana.