Mahari ya Serikali

Uingereza, posa ina mshenga mmoja tu: hati ya mshahara. Mwaka 2012 serikali iliamua kwamba anayetaka kumleta mwenzi wake kutoka ng'ambo awe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka. Aprili 11, 2024, mahari ikapanda hadi pauni 29,000. Kumbe mapenzi nayo hupatwa na mfumuko wa bei.

Mwezi huo kima cha chini cha mshahara kilikuwa pauni 11.44 kwa saa. Mfanya usafi aliyekesha akipiga deki ofisi za watu, saa 40 kwa wiki, hakufikisha hata pauni 24,000 kwa mwaka. Kupenda ruhusa, kuishi na ampendaye, angoje kupandishwa cheo.

Walezi wa wazee je? Waliitwa kwa mbiu, waje watunze wazazi wa watu. Kisha, Machi 11, 2024, waombaji wapya wa viza ya walezi wakakatazwa kuja na mume, mke au mtoto. Mama wa Harare amlishe uji bibi wa Leeds kwa kijiko. Mwanawe mwenyewe atalelewa kwa simu.

Julai 22, 2025 mlango ukafungwa kabisa kwa walezi wapya kutoka nje. Wazee, kwa bahati mbaya, wanaendelea kuzeeka.