Wataka Lini, Mwalimu?

Mtu akikwambia anaishi Mokowe, mpe pole. Si kwamba ni pabaya. Ni kwamba Mokowe ni mlango, na sijaona mtu aliyefunga safari kwenda kutalii mlangoni. Basi la Mombasa likifika, abiria wanashuka kwa sababu barabara imekwisha. Wanatazama maji, wanauliza Lamu iko wapi, wanaoneshwa kwa kidole, na punde wako ndani ya boti wamevalishwa majaketi ya kuokolea. Sisi tunabaki na mbuzi, ofisi za kaunti na maganda ya machungwa waliyokula njiani.

Ndiyo maana nilishtuka mwezi wa kwanza mwaka juzi, shemeji yangu wa Nairobi aliponipigia simu kuniambia kwamba mimi ndiye mtu muhimu kuliko wote katika likizo yake.

"Shemeji, nakuja na familia mwezi wa nane. Tuko watu tisa, na mama mkwe ndani. Tunataka dau la siku nzima. Twende magofu ya Takwa, tuogelee, tule samaki wa kuchoma, turudi na machweo. Nibukie leo leo."

"Mwezi wa nane? Leo ni Januari, tarehe kumi."

"Ndiyo maana nimekwambia leo!"

Hapo akanifungulia darsa. Shemeji ni mtu wa kusoma, na ugonjwa wake ni kusoma mambo ya kuokoa pesa. Akanieleza kwamba zile meli kubwa za kitalii, zenye mabwawa ya kuogelea juu ya bahari kana kwamba bahari haitoshi, huuzwa kwa msimu. Kuanzia Januari hadi Machi makampuni hupunguza bei, kwa sababu Wazungu wamemaliza Krismasi, nje kuna baridi, na mtu aliyeganda hununua jua lolote analooneshwa. Ndio wakati wa kubuku. Asiyewahi basi angoje mwisho kabisa, wiki chache kabla ya meli kung'oa nanga, kwa sababu chumba kitupu kikishaondoka bandarini hakiuziki tena. Tena kuna ujanja wa tatu. Aprili meli nyingi huhama Karibea kwenda Mediterania, na kuanzia Oktoba hurudi, na safari hizo za kuhama huuzwa rahisi, maana meli lazima iende ikiwa na watu au bila watu.

Nikamwambia huo ujanja wa tatu si wake. Babu zetu waliujua kabla hajazaliwa aliyegundua stima. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende na mazulia, yakapanda na kusi yakiwa na boriti za mikoko. Aliyekosa upepo wake alikaa miezi akingoja, akala akiba yake, na wengine wakaoa. Nusu ya koo za pwani hii ni watu waliochelewa kubuku.

"Safi," akasema shemeji. "Basi unaelewa. Tafuta bei ya Januari."

Nikateremka jeti. Nahodha niliyemwendea nilimsomesha hesabu darasa la nne. Alikuwa wa kwanza kutoka mwisho. Jedwali la saba lilimtoa machozi. Nikajiambia leo nitapata bei nzuri, maana mwanafunzi aliyeshindwa kuzidisha hawezi kunizidishia.

"Mwezi wa nane tarehe ngapi, mwalimu?"

"Kumi na tano."

"Hiyo ya kizungu. Ya mwezi wetu ni ngapi?"

Sikujua. Akacheka, wakacheka na waliokuwa wamekaa juu ya mitungi ya gesi. Nikasimama pale kama mtoto aliyesahau daftari nyumbani, akaanza kunisomesha.

Takwa, akasema, iko upande wa pili wa kisiwa cha Manda, na huingiwi kwa mlango wa mbele. Unapita kijito katikati ya mikoko, na kijito hicho kinataka maji yaliyojaa. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvu, maji ni mengi, lakini hujaa alfajiri na tena jioni. Mchana kati yamekupwa, na mama mkwe wa watu utamvusha juu ya tope kwa mgongo. Maji mafu nayo hujaa karibu na adhuhuri, saa nzuri ya matembezi, lakini hayajai sana, na chombo cha watu tisa na sufuria kinaweza kukwama. "Sasa shemeji yako amenunua maji yapi?"

Nikamwambia shemeji amenunua Agosti.

Akatikisa kichwa kwa huruma. Agosti kusi haijavunjika. Ndani ya mlango bahari wastani, lakini ukitoka nje ya Shela wimbi linakuja na salamu zake. Aliniambia wakati mtamu ni kaskazi imetulia, au malelezi, pepo zinapobadilishana zamu na bahari inakuwa kama sahani.

"Na bei wakati huo?"

"Wakati huo wageni ni wengi. Bei inapanda."

"Na wakati wa rahisi?"

"Mwezi wa tano. Mvua. Hoteli nyingi za Shela zimefunga. Utalipa kidogo na utaoga juu na chini."

Kwa hiyo nikaelewa. Bei ya chini ipo, na bahari nzuri ipo, ila hazijawahi kukutana. Nikamwomba basi anipe bei ya leo kwa safari ya Agosti, kama wafanyavyo wenye meli kubwa. Akasema elfu kumi na nane. Nikamuuliza kwa nini. Akasema Januari ni msimu. Nikamwambia mimi sisafiri Januari, ninalipa Januari. Akasema pesa yenyewe imekuja kwenye msimu, kwa hiyo ni pesa ya msimu.

Nikajaribu mlango mwingine. "Bei ya Agosti nikija Agosti?"

"Hiyo siwezi kuijua, mwalimu. Petroli hutangazwa tarehe kumi na nne ya kila mwezi, inaanza kutumika tarehe kumi na tano. Na wewe umechagua tarehe kumi na tano."

"Lakini hili ni dau. Lina tanga!"

"Tanga ni la kupigia picha. Inayofikisha ni mashine."

Tukavutana mpaka elfu kumi na nne. Akataka arbuni ya elfu nne. Nikampigia shemeji, akasema nitoe mimi kwanza, yeye atanitumia kesho kwa M-Pesa. Wenye mashemeji wa Nairobi wanajua kesho hiyo ina urefu gani. Nikatuma. Ujumbe wa M-Pesa ukaja na jina la nahodha kamili, majina matatu, kama nilivyokuwa nikimwita kwenye rejista.

Kwa miezi saba iliyofuata nilipata washauri. Mtu akijua umelipa kitu mapema, anakuja kukueleza jinsi ungelipa kidogo. Muuza madafu alisema ningengoja Maulidi, boti zikija Amu, yaani Lamu, zimejaa na kurudi tupu, nikamate moja inayorudi. Nikamwambia mimi niko upande huu. Dereva wa bodaboda alisema Ramadhani ndiyo rahisi, hakuna mgeni wala shughuli. Nikamuuliza samaki atachomwa na nani na ataliwa na nani, akawasha pikipiki. Mzee mmoja wa barazani alinishauri nisiulize bei nikiwa nimevaa viatu. Hilo nililijaribu siku nyingine kwa boti ya kwenda Amu, na nikakanyaga moto uliowekwa pale na jua la saa saba. Bei ilibaki ileile.

Nikajifariji kwa historia, maana mwalimu hata akistaafu haachi. Nikakumbuka Vasco da Gama. Mwaka 1498 alifika Malindi, akapewa rubani ajuaye upepo, akaondoka Aprili 24 na Mei 20 yuko Kalikuti. Safari ya chini ya mwezi, kusi ikimsukuma mgongoni. Kurudi akajiona hodari, hakungoja kaskazi. Akaondoka India mwanzoni mwa Oktoba pepo zikiwa bado hazijaamua, na bahari ikamshika karibu miezi mitatu. Mabaharia wakafa kwa kiseyeye, na alipofika Malindi tena, Januari 1499, waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote. Mojawapo ikabidi kuichoma moto baada ya kupita Mombasa. Nikajiambia: elfu nne zangu si kitu. Kuna mtu aliyekosea msimu akachoma chombo kizima.

Agosti ikafika. Nikatazama kalenda ya Kiislamu, nikajua tarehe za mwezi, nikajua maji. Nilikuwa nimeshakuwa mtu wa jeti. Nikaagiza samaki kwa mvuvi, nikamwambia mke wangu akune nazi kwa wingi, nikapiga simu Nairobi kuuliza basi lao linafika saa ngapi.

"Shemeji," akasema, na sauti ilikuwa laini mno. "Nilikuwa nataka kukupigia. Tumepata ofa ya dakika za mwisho. Diani. Nusu bei! Si nilikwambia, chumba kitupu hakiuziki tena?"

Nikakumbuka. Alinieleza yote mawili, kubuku mapema na kubuku mwisho. Akanipa mimi lile la mapema, yeye akabaki na lile la mwisho. Elfu nne hakuzitaja, na mimi niliona haya kuzitaja, kwa sababu mke wangu alikuwa amesimama karibu na yule ni ndugu yake.

Nikateremka kwa nahodha kudai arbuni. Akanipokea vizuri mno, akaniagizia chai. "Arbuni haifi, mwalimu. Pesa ilishaingia kwenye mashine, lakini safari yako ipo. Wataka lini?"

Hilo swali lilinipa moyo. Nikaona kumbe nina safari ya dau mkononi, nikae na mke wangu, tuvuke kama wageni. Mke wangu amevuka kwenda Amu mara zisizohesabika: hospitali, harusi, kitambaa cha shela, kesi ya shamba la babake. Hajawahi kuvuka bila shida. Nikasema ngoja nichague siku nzuri.

Septemba kusi ilikuwa bado ina kiburi. Oktoba nikangoja malelezi, yakaja wiki ambayo mashine ilikuwa imefunguliwa, vipande vyake vimetandazwa kwenye gunia. Novemba kukawa na sherehe Amu, vyombo vyote vilikuwa vimeshikwa. Desemba nikaenda, akasema safari ipo, ila huu ni msimu, niongeze kidogo. Nikamwambia nilishalipa pesa ya msimu. Akafikiri, akasema ile ilikuwa ya msimu wa mwaka uliopita. Nilimtazama sana yule kijana. Jedwali la saba lilimshinda, lakini jedwali hili amelijua lote.

Aprili ikaleta mvua. Mei nikakumbuka bei ya chini, nikashuka jeti na mwavuli, akaniambia mimi nina arbuni, kwa hiyo bei yangu ni ile ya elfu kumi na nne. Yule anayekuja leo bila kuagiza ndiye anayelipa elfu saba. Nikamuuliza, basi nikija bila kuagiza? Akasema, "Lakini wewe umeagiza."

Tangu hapo kila asubuhi akipita na chombo chake hunipungia mkono kutoka majini, mbele ya watu, na kupaza sauti: "Wataka lini, mwalimu?" Na mimi hutazama wingu, hutazama alama ya maji kwenye nguzo za jeti, huhesabu tarehe ya mwezi kwa vidole, nikamjibu, "Ngoja kidogo."

Juzi mke wangu alikuwa nami. Alisikia swali, akasikia jibu. Akaweka kikapu chini.

"Umeshalipa. Bei gani tena unayoingoja ishuke?"

Nilitaka kumweleza habari za bamvu na maji mafu, za kusi na malelezi, za Vasco da Gama. Akanitazama kwa namna ambayo ilinifanya nikumbuke kwamba Vasco da Gama hakuwa ameoa wakati ule. Akachukua kikapu chake, akapanda boti ya abiria pamoja na kuku na magunia ya makaa, akavuka kwenda kununua kitambaa. Boti ilijaa ikaondoka. Bei ni moja kwa kila mtu.

Na mimi nimeazimia. Safari hii haiahirishwi tena, nitamwambia nahodha siku na saa. Ila kesho kutwa ni tarehe kumi na nne. Wacha kwanza tusikie petroli.