Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Majina ya Intaneti



Mfumo wa majina ya intaneti ulizaliwa ukijua a hadi z, tarakimu na kistari, basi. Dunia iliyobaki ilipobisha hodi, mlango haukupanuliwa. Mwaka 2003 ilipitishwa Punycode, utaratibu wa kumvua mgeni herufi zake na kumvika za Kilatini, zikitanguliwa na xn--. Ndiyo maana Misri, ambayo kwa Kiarabu ni herufi 3 tu, ilipokubaliwa mwaka 2010 kuwa mkia wa anwani, iliandikishwa xn--wgbh1c. Wamisri wanashukuru kwa heshima hiyo.

Kivinjari chenye adabu humrudishia msomaji herufi halisi. Anwani hiyohiyo ikinakiliwa kwenye ujumbe, mara nyingi hugeuka msimbo tena; ikijazwa kwenye fomu, jibu ni "anwani si sahihi". Kanuni za barua pepe zenye herufi za lugha yoyote zilitolewa mwaka 2012, na fomu nyingi bado hazina habari nazo.

Ombi la kwanza ni la mafunzo. Kila msimamizi aitwe kwa msimbo mwaka mzima: kwenye pasipoti, kwenye mshahara, na mezani kwa mama yake, ambaye haruhusiwi kuruka kistari hata kimoja. Akioa, kadhi alisome jina lote mbele ya mashahidi, na bibi harusi akiuliza huyo ni nani, aambiwe ni mambo ya kiufundi tu, mtu ni yuleyule. Benki, karani atabasamu na kumshauri ajaribu jina jingine. Mwaka ukiisha arudishiwe lake, kwa majaribio.

Sababu inayotolewa siku zote ya kuonyesha msimbo badala ya herufi halisi ni usalama. Kweli, a ya Kirusi hufanana na a ya Kilatini, na mwaka 2017 mtafiti mmoja aliandika jina la Apple kwenye anwani kwa herufi za Kirusi na jamaa zake tupu, ikavipita vivinjari kadhaa. Lakini rn imeigiza m tangu siku ya kwanza, na 1 ikaigiza l, wala Kilatini hakikuwahi kusimamishwa ukutani kipekuliwe. Mwizi wa Kilatini ni mwizi. Mwizi wa Kirusi ni alfabeti nzima. Hiyo ni dharau iliyovaa sare ya ulinzi. Samahani, wasimamizi wana shughuli nyingi.

Maombi mengine ni mepesi. Fomu ziseme "mfumo huu haujui kusoma". Kikomo cha herufi 63 kwa kila kipande cha anwani kihesabiwe kwa maandishi ya mwenyewe, si kwa msimbo. Na ng'ombe wa Waswahili, ambaye kanuni ya a hadi z, tarakimu na kistari haimpokei na ritifaa yake, afikiriwe.