Mheshimiwa Boksi la Besi

Katika bendi yoyote ya dansi jijini Dar es Salaam kuna mwanachama mmoja ambaye hajawahi kutunzwa hata noti ya elfu moja. Mwimbaji hubandikwa pesa kwenye paji la uso. Mpiga solo hupigiwa mbinja. Mnenguaji hufuatwa hadi nyuma ya jukwaa. Huyu yeye husukumwa kwa goti na kuwekewa chupa za soda kichwani, na shoo ikiisha saa tisa usiku kila mtu hukumbuka ghafla kwamba mgongo unamuuma. Ni amplifaya ya besi. Kusifiwa kwake kumechelewa sana.

Sifa ya kwanza ni mwili. Amplifaya ya besi yenye heshima zake haibebwi na mtu mmoja. Maarufu kuliko zote duniani, Ampeg SVT, ilitoka Marekani mwaka 1969 na kuanza kazi katika ziara ya Rolling Stones mwaka huohuo. Ilikuwa na wati 300 na valvu 14, na kichwa chake pekee kilikaribia kilo 40. Boksi lake la spika nane, kama linavyotengenezwa siku hizi, linauzidi mfuko wa saruji wa kilo 50, tena mfuko wa saruji una hisani ya kupinda begani. Amplifaya za Tabata, hapohapo Dar, ni ndogo kuliko hiyo, lakini kiburi chao ni kilekile.

Mtazame mpiga besi anayetoka Kimanga kwenda mazoezini Segerea. Mwenzake wa solo kapanda daladala, gitaa mgongoni, na anafika shati halijakunjamana. Yeye amesimama kituoni akipatana na dereva wa bajaji, ambaye anauzunguka mzigo mara mbili, anaugusa kwa ncha ya kiatu, kisha anataja nauli ya watu watatu.

"Kaka, mbona ni mmoja tu?"

"Na huyu je? Huyu naye abiria, tena hakunji miguu."

Hasara? Hata kidogo. Kwa safari hizo mpiga besi anajuana na kila dereva wa bajaji, kila mwenye kirikuu na kila mlinzi wa geti kuanzia Relini hadi Segerea Mwisho. Filimbi haijawahi kumkutanisha mtu na jirani yake. Boksi la besi mbele ya ngazi huwaunganisha watu wawili wasiojuana kwa dakika moja, na wakifika juu wameshaambiana wanatoka mkoa gani. Wapiga besi wenyewe, wakikutana, husalimiana kwanza kwa habari za boksi: limeamkaje, lile koromo limepona, bado linazimika likipata joto? Habari za mke na watoto hufuata baadaye.

Sifa ya pili ni sauti, na hapa lazima fizikia itoe ushahidi. Waya mnene kuliko yote wa gitaa la besi la nyuzi nne, yaani E, hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Ukiubana waya huohuo kwenye freti ya tatu unapata G, yenye mitetemo 49. Umeme wa TANESCO, kama umeme wa nchi nyingi, huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Kwa hiyo pale ambapo ethi haikufungwa vizuri na amplifaya ikaanza kunguruma yenyewe, mngurumo ule unakaribia sana noti ya G, umepanda kidogo tu. Marekani, ambako umeme ni wa mitetemo 60, amplifaya maskini huguna katikati ya B-bemoli na B, mahali ambapo hakuna wimbo. Ya Tabata inampa mwenyewe noti kabla hajaiomba. Bendi ikipiga wimbo wa G, haina haja ya kuuliza nani ameharibu. Ikipiga wa F-shapu, basi lawama ni za aliyechagua ufunguo.

Tena mngurumo huo ni wa mapenzi. Mpiga besi akizishika nyuzi, hupungua, akiziachia tu, unarudi. Hakuna mwalimu wa muziki aliyepata kumfundisha kijana kutoondoa mkono kwenye ala kwa ustadi wa namna hiyo.

Malezi yake hayaishii hapo. Mpiga besi anayejiona naye ni mwimbaji, akasogeza mdomo kwenye maikrofoni ili aitikie kiitikio huku vidole viko kwenye nyuzi, anaweza kupokea shoti ya midomo kama amplifaya na miksa vimechomekwa kwenye soketi ambazo ethi zake hazielewani. Siku hiyo ndipo bendi inapojua ina waimbaji wangapi hasa.

Sifa ya tatu ni ukarimu. Wimbi la sauti ya waya wa E lina urefu wa mita nane na zaidi. Chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi hakina hata nusu ya urefu huo, kwa hiyo wimbi hilo halikai humo kwa raha. Sauti nyembamba za solo huishia kwenye pazia na godoro. Besi hupita ukutani, hukata kona na kwenda kubisha hodi kwa jirani, ikatetemesha vikombe kabatini. Jirani hausikii wimbo, anasikia besi tu, naye huweza kukaa mwaka mzima akidhani pale ndani kuna mtu anayeponda kisamvu.

Uvumilivu wa watu wa Tabata kwa jambo hili unastahili kuandikwa, maana si watu wa kuonewa. Mwaka 1988 wakazi wa hapo waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kwa sababu ya moshi na uvundo wa jalala la taka, na wakashinda. Jalala likaondoka, likaacha jina tu, Tabata Dampo. Watu walioliondoa dampo la jiji zima wangeshindwaje na boksi moja la mbao? Baraza la mazingira, NEMC, limekuwa likizionya na kuzitoza faini baa kwa kelele, na kila mara anayesutwa ni mwenye baa. Boksi lenyewe halijawahi kuitwa popote kutoa maelezo.

Ulafi wake nao una hekima. Sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini, kwa hiyo besi inahitaji nguvu nyingi kuliko ala nyingine ili isikike sawa nazo. Na ili sauti ionekane sikioni kuwa imekuwa mara mbili, nguvu lazima iongezwe karibu mara kumi. Aliyezoea wati 30 za mazoezini, akitaka maradufu ukumbini, aanze kutafuta 300. Ndiyo maana amplifaya ya besi humfundisha mwenyewe kuisoma mita ya LUKU kama mvuvi anavyosoma mawingu. Yuniti zinapoisha katikati ya sebene, mpiga tumba huendelea peke yake gizani, waimbaji hucheka, na mpiga besi huulizwa kwa upole kama ana salio kwenye simu. Wale waliokuwa kazini wakati wa mgao wa mwaka 2006 na ule wa 2011 walipata mafunzo ya ziada: walijifunza kubeba kilo hizo zote hadi ukumbini, kukaa juu yake saa tatu wakisubiri umeme, na kuzirudisha nyumbani bila kupiga hata noti moja.

Lakini anayetaka kumwona Mheshimiwa katika enzi yake na amfuate kwa fundi. Hapo huvuliwa bati la nyuma, na ndani hukutwa historia: vumbi jekundu, mende aliyekauka juu ya transfoma, fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya sigara na mtu ambaye hatajwi. Fundi hunusa kwanza. Harufu ya kuungua humwambia nusu ya ugonjwa kabla hajawasha mita. Kisha hubonyeza koni ya spika kwa vidole viwili, polepole, huku kainamisha sikio. Ikikwaruza, koili imeungua na itasukwa upya. Isipokwaruza, anashika chuma cha kulehemu, anagusa jeki ya kuingizia waya, risasi inayeyuka na kung'aa, na tatizo lililowagombanisha wanamuziki watano kwa wiki mbili linakwisha. Ilikuwa jeki iliyolegea. Mpiga kinanda alikuwa ameshatuhumiwa bure.

Sifa kubwa kuliko zote ni madaraka. Anayedhani hii ni chumvi azitazame bendi za Dar zilivyojengwa. Kwa miongo mingi mwanamuziki wa dansi hakuwa na chombo chake. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, na mwenye vyombo ndiye aliyekuwa na bendi. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadili jina kikawa JUWATA, kisha OTTU, bendi nayo ilibadilishwa jina, mpaka leo inaitwa Msondo Ngoma. Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee, JKT lilikuwa na Kimulimuli, mabasi ya UDA yalikuwa na UDA Jazz. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, ikahamia shirika la DDC mwaka 1983. Remmy Ongala aliimba hadi Ulaya wakamjua, na kituo cha daladala Sinza kikaitwa kwa Remmy. Lakini jina la bendi yake, Super Matimila, lilitokana na mfanyabiashara mwenye vyombo.

Mwaka 1985 Hugo Kisima wa bendi ya Safari Sound aliwavuta wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park, akina Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka. Ungedhani bendi iliyopoteza sauti za namna hiyo ingefunga milango. Haikufunga. Vyombo vilikuwepo, zikatafutwa sauti nyingine, na Sikinde, mtindo wa bendi hiyo, ikaendelea kuchezwa. Mwimbaji huhama kwa dau, mpiga solo huhama kwa hasira. Boksi la besi halihami, kwanza kwa sababu hakuna anayetaka kulibeba.

Adui zake ni wengi na wote wana wivu. Wa kwanza ni wapiga solo. Mwaka 1952 kampuni ya Fender ilitoa amplifaya iitwayo Bassman, iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya gitaa la besi lililoingia sokoni mwaka mmoja kabla. Wapiga gitaa wa kawaida waliionja, wakaipenda, wakaichukua. Mwaka 1962 Jim Marshall na mafundi wake jijini London waliunakili mfumo wake wa ndani, na hapo ndipo ulipoanzia ukoo wa amplifaya za Marshall. Kwa hiyo mpiga solo anayemlalamikia mwenzake wa besi kwamba boksi linachukua nafasi jukwaani anapiga kelele kwa mtambo wa urithi wa besi.

Adui wa pili ni sabufa ya sebuleni, ambayo mpiga besi asiye na pesa huichomekea gitaa akisema ni ya muda tu. Sabufa imezoea nyimbo zilizokwisha kulainishwa studio. Ikipigwa noti moja mbichi ya kidole cha shahada hukoroma, mara ya pili huachia hewa, mara ya tatu familia haina pa kusikilizia taarifa ya habari. Wa tatu ni fundi mitambo anayesema besi ichomekwe moja kwa moja kwenye miksa, boksi libaki nyumbani. Anasema kweli, na ndiyo maana hapendwi. Wa nne ni hivi vichwa vya kisasa vya kilo tatu au pungufu, vinavyotoa wati 500 na kuingia kwenye begi la shule. Vinafanya kazi vizuri. Lakini ni nani aliyewahi kufunguliwa geti na kupewa maji ya kunywa kwa sababu amebeba begi la shule?

Ukitaka jukwaa lisilohitaji haya yote, vuka bahari uende Zanzibar, ukawasikilize Culture Musical Club, kikundi cha taarabu cha tangu 1958. Besi yao ya asili ni lile fidla refu kuliko mpigaji wake, lenye tumbo la mbao, ambalo linaweza kusikika bila fyuzi wala LUKU. Ni tamu kweli. Nalo pia halipandi daladala.

Basi, msomaji, Jumamosi jioni ukipita Tabata, iwe Bima, Barakuda au Kisukuru, ukamwona mtu amesimama kando ya boksi jeusi lenye kona za chuma huku anaangalia ngazi, usimuulize anapiga chombo gani. Weka simu mfukoni, shika upande wa pili. Upande wenye mpini umeshachukuliwa.