Samaki wa Kanada: Barua kutoka Castries

Mama, baba mdogo, shangazi na wote mlioko Jipe, shikamooni.

Mimi mzima, ila mfuko unaumwa. Hapa Saint Lucia, Jumamosi ndiyo siku ya soko, na soko lenyewe ni la Castries, jengo la paa jekundu lililojengwa na mafundi wa Liverpool miaka ya 1890. Meli za watalii hutia nanga hapo jirani, kisha Wazungu hushuka kupiga picha magimbi. Magimbi, jamani! Yale yale yanayoteremshwa kutoka milima ya Ugweno, ambayo tukiyakuta asubuhi kwenye sufuria tulikuwa tunanuna. Pembeni kuna viazi vikuu, mihogo, ndizi mbichi na shelisheli. Shelisheli naye ni mhamiaji: nahodha William Bligh ndiye aliyeleta miche Karibi kutoka Tahiti mwaka 1793, ili wenye mashamba wapate cha kuwalisha watumwa kwa bei ya chini.

Mama ninayenunua kwake anauza kwa ratili. Hakuna fungu, na pasipo fungu utadai vipi nyongeza? Nilidai hivyo hivyo. Akanitazama, akanirushia pilipili moja. Mnajua sisi Wapare tunavyosingiziwa ubahili na kupenda kesi. Mahakama haiko mbali na soko, lakini nilipofikiria gharama za wakili nikapokea pilipili yangu. Dola yao haina maajabu: tangu 1976 inabadilishwa 2.70 kwa dola moja ya Marekani. Mwenye maajabu ni mimi, ninayesimama pale nikigeuza kila bei kuwa shilingi huku foleni nyuma yangu inaguna.

Sasa sikieni hili. Mlo wa taifa hapa ni ndizi mbichi na samaki wa chumvi. Nchi imezungukwa na bahari pande zote, wavuvi wanaingia kila siku, lakini samaki wa mlo wa taifa hatoki hapa. Anatoka bahari za baridi huko Kanada! Ni mazoea ya tangu enzi za utumwa, meli zilipoleta samaki mkavu na kuondoka na sukari na pombe. Tena amejaa chumvi, sharti umloweke usiku kucha na kumwaga maji. Yaani unalipia chumvi kwa uzito, kisha unaimwaga. Shangazi, najua umeshika kichwa.

Lakini ni mtamu. Akikaangwa na vitunguu na pilipili, ndizi zikiwa zimechemka, nakula bila kuongea na mtu.

Ombi langu ni hili: akipatikana msafiri, mpeni perege wakavu wachache. Na yale matete yanayolimeza Ziwa Jipe, yafyekeni. Perege wakiisha Jipe, na ninyi mtakuwa mnaagiza Kanada, na hasara yake nimeshawaambia.